Mzigo wa mwenzio: risasi ya 6.8 inamfaa nani?

Askari wa miguu wa Marekani anayebeba M4A1, bunduki ya siku zote ya risasi za 5.56, huingia kazini na magazini 7 za risasi 30. Jumla ni risasi 210, uzito wake kilo 3.4 hivi. Mwenzake aliyekabidhiwa M7, bunduki mpya ya risasi za 6.8, naye hubeba magazini 7, ila kila moja inachukua risasi 20. Jumla ni 140, na uzito ni kilo 4.4. Risasi 70 zimepungua na kilo moja imeongezeka. Bunduki nayo imepanda: M4 tupu ni karibu kilo 3, M7 ni kilo 3.8, na ikifungwa kizimasauti chake, ambacho ni sehemu ya bunduki na si pambo, inafika kilo 4.5. Darubini hatujaipima bado. Takwimu hizi hazikutungwa na wapinzani wa mradi wa kubadilisha silaha hizi. Zimetolewa na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mjadala wa risasi mpya ya 6.8×51 (kaliba, kisha urefu wa ganda, kwa milimita) umekuwa hivyo. Waandishi wa majedwali ya kasi na nishati wanauona mwepesi, na anayepanda nao mlima anauhesabu kwa magoti. Hoja yangu ni kwamba risasi hii ni nzuri, ila imepewa mtu asiye wake. Kwa bunduki ya rashasha na kwa mlenga shabaha wa seksheni inalipa. Kwa kila mwenye bunduki katika seksheni hailipi, na sababu zake zinapimika.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana Kiswahili kinatumia neno "risasi" kwa madini, kwa kinachoruka, na kwa kitu kizima kinachoingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu. Hapa risasi ni kitu kizima. Kinachotoka mtutuni nakiita kichwa. Kinachobaki ni ganda, baruti, na fataki inayoiwasha. Tena jina "6.8" lisimbabaishe mtu: kichwa chenyewe kina kipenyo cha milimita 7.04, kama vile cha 5.56 kilivyo na milimita 5.7. Majina ya kaliba yana mazoea kuliko vipimo.

Chanzo cha yote ni bamba la kifuani. Mei 2017 Jenerali Mark Milley, wakati huo mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, aliwaambia maseneta kwamba risasi ya 5.56 haitoboi aina mpya za mabamba ya kuzuia risasi. Lilijitokeza wazo la kurudi kwenye 7.62×51 kwa muda, likafutwa kabla mwaka haujaisha. Kilichobaki ni mradi mkubwa zaidi, ambamo jeshi lilitaja kichwa cha 6.8 na kuwaachia wabunifu ganda. Walioingia fainali walikuwa watatu. Mmoja alileta risasi ambayo kichwa chake kimezama ndani ya ganda la plastiki, mwingine ganda la plastiki lenye umbo la kawaida, na SIG Sauer ganda la vipande vitatu. Tarehe 19 Aprili 2022 SIG Sauer ndiyo iliyopewa mkataba wa miaka 10. Bunduki ikaitwa XM5, ikabadilishwa kuwa XM7 mapema 2023 kwa sababu jina la M5 lilikuwa na mwenyewe, na mwaka 2025 ikaidhinishwa rasmi kama M7. Rashasha yake ni M250. Batalioni ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa ya Divisheni ya 101, Fort Campbell, Machi 2024.

Ganda hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndilo jambo jipya hasa katika mradi mzima. Risasi ya kawaida ina ganda la shaba tupu. Shaba hunyumbulika, na hiyo ndiyo kazi yake: baruti ikiwaka, ganda linatanuka na kuziba chemba ili gesi isirudi nyuma, kisha linajikunja kidogo na kutoka. Udhaifu upo kwenye kitako, sehemu isiyoshikwa na chemba. Mgandamizo ukipanda kupita kiasi, shaba ya kitakoni huanza kutiririka kama ugali uliokandamizwa. Tundu la fataki hupanuka na fataki hulegea, pengine hudondoka ndani ya mitambo. Shaba huingia kwenye tundu la kitupaganda usoni mwa bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na kuacha alama inayong'aa. Ganda hung'ang'ania chembani, ndoana ikilivuta inakata ukingo wake, na bunduki imekwama. Ndiyo maana 5.56 ya kijeshi inafanya kazi kwenye megapaskali 380 hadi 430 hivi, na 7.62×51 ipo humohumo, karibu 415.

6.8×51 inakwenda hadi megapaskali 550 hivi. Ili kufika huko kitako kimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, mwili ni wa shaba, na katikati kuna kipete cha alumini kinachovifunga pamoja. Shaba inafanya kazi ya kuziba, chuma kinafanya kazi ya kuvumilia. Ni ubunifu wa akili. Lakini tuulize kwa nini mgandamizo wote huo ulihitajika. Jibu ni mtutu. Jeshi lilitaka mtutu mfupi, milimita 330, kwa kuwa mbele yake kinafungwa kizimasauti na askari anapaswa kuingia garini na mlangoni bila kugonga kila kitu. Mtutu mfupi unakipa kichwa muda mchache wa kusukumwa, kwa hiyo lazima kisukumwe kwa nguvu zaidi. Na baruti iliyochomwa kwa mgandamizo huo mbele ya mtutu mfupi inatoa kishindo ambacho hakuna sikio litakalokivumilia siku nzima, kwa hiyo kizimasauti kinakuwa lazima. Uamuzi mmoja umezaa mwingine, na kila mmoja umeongeza gramu.

Sasa turudi kwenye bamba. Kutoboa bamba la kauri si suala la nishati pekee. Kauri huvunja ncha ya kichwa, kisha tabaka la nyuzi nyuma yake hukamata vipande. Anayetaka kupita anahitaji kiini kigumu kuliko chuma cha kawaida, pamoja na kasi ya kutosha pale kinapogonga. Bamba la Marekani la ESAPI lilibuniwa kusimamisha .30-06 M2 AP, risasi ya zamani ya kutoboa chuma yenye kichwa cha gramu 10.7 chenye kiini cha chuma kigumu. Hiyo si risasi dhaifu. Adui akivaa bamba la daraja hilo, kichwa cha kawaida cha 6.8 chenye ncha ya chuma kina kazi ngumu hata kwa kasi yake yote, na anayetaka uhakika anaangukia kwenye kiini cha tangsteni. Tangsteni ni ghali, na sehemu kubwa ya inayochimbwa duniani inatoka China. Hapo mpangaji wa vita anapaswa kukuna kichwa: silaha iliyobuniwa kwa ajili ya adui mkubwa inategemea madini ambayo adui huyohuyo ameyashika.

Kuna jambo la muda pia. Bamba hubadilishwa kirahisi. Mtengenezaji akiongeza milimita chache za kauri au akibadilisha aina yake, kizazi kipya kinaingia mfukoni mwa fulana ileile. Risasi haibadilishwi hivyo. 5.56 ilikubaliwa rasmi na NATO mwaka 1980, na Wamarekani walikuwa wakiitumia Vietnam tangu miaka ya 1960. Ukiamua kushindana na kitu kinachobadilika kila baada ya miaka michache kwa kutumia kitu kinachokaa nusu karne, umeanza mbio ukiwa na mguu mmoja. Bamba lenyewe linafunika eneo la sentimita 24 kwa 32 hivi kifuani. Bega, nyonga, mapaja na uso viko wazi, na kichwa cha gramu 4 cha 5.56 kinavifikia vizuri.

Hoja ya pili ya watetezi ni umbali, na hii ina mizizi Afghanistan. Huko wapiganaji wenye rashasha za PKM zinazotumia 7.62×54R walikuwa wakipiga kutoka mlima wa pili, mahali ambapo M4 yenye mtutu wa milimita 368 haikuwa na jibu la maana. Hilo ni kweli. Lakini uchunguzi wa Hitchman wa mwaka 1952, uliofanywa kwa ajili ya jeshi hilohilo, ulionyesha kwamba matumizi mengi ya bunduki vitani yako ndani ya mita 300 hivi, na kwamba uwezo wa askari wa kawaida kulenga unashuka vibaya baada ya mita 100. Afghanistan ilikuwa vita ya mabonde. Vita ya mitaa na mahandaki ina vipimo vingine, na jeshi halichagui mwaka wa kupigana wala mahali.

Tuutazame upepo, kwa kuwa ndiko 6.8 inakoonyesha ubora wake wa kweli. Kanuni yake ni rahisi na inafaa kukumbukwa: mteguko wa kichwa ni kasi ya upepo wa ubavuni mara muda uliopotea. Muda uliopotea ni tofauti kati ya muda halisi wa kuruka na muda ambao kichwa kingetumia kama kisingepunguza kasi. Kichwa cha M855, risasi ya 5.56 ya kijeshi, kinatoka M4 kwa karibu mita 890 kwa sekunde. Mita 500 bila hewa kingezimaliza kwa sekunde 0.56. Kwa kuwa hewa inakikaba, kinatumia karibu 0.83. Kimepoteza 0.27. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa matawi madogo, utakisogeza mita moja na zaidi kidogo. Kichwa kirefu cha 6.8 kinachotoka kwa mita 900 kinatumia karibu sekunde 0.68, kinapoteza kama 0.12, na kinasogea nusu mita. Mlengaji aliyekosea kukadiria upepo kwa nusu bado ana nafasi ya kumpata mtu kwa 6.8, na kwa 5.56 hana.

Lakini ili upepo uwe ndio tatizo lako, lazima kwanza uwe umejua umbali. Hapo ndipo darubini ya XM157 inapoingia. Ina ukuzaji wa mara 1 hadi 8, kipimo cha leza, vihisi vya hali ya hewa, na kompyuta ndogo inayochora nukta mahali pa kulenga. Askari aliyekuwa akikadiria mita 400 kumbe ni 520 sasa anaambiwa 520. Kosa hilo la mita 120 lilikuwa linazamisha kichwa zaidi ya kimo cha kifua kwa risasi yoyote ile, mpya au ya zamani. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya sifa anazopewa bunduki mpya inaweza kuwa ni sifa za kioo kilicho juu yake.

Anayetaka kujua ukweli apange jaribio la makundi manne. Kundi la kwanza M4 na darubini ya zamani, la pili M4 na XM157, la tatu M7 na darubini ya zamani, la nne M7 na XM157. Askari walewale, wapangwe kwa zamu tofauti ili uchovu usiangukie silaha moja. Vibao vya shabaha viwe kati ya mita 50 na 600, vijitokeze bila taarifa, na visimame sekunde chache tu. Wapigaji wafike mstarini baada ya kutembea na mzigo kamili wa silaha husika, wasishushwe garini wakiwa wamepumzika. Kihesabiwe kitu kimoja: vibao vilivyoangushwa kabla mzigo wa risasi haujaisha. Ukilinganisha kundi la kwanza na la nne peke yake, utauza chochote unachotaka kuuza. Na darubini yenyewe haijamaliza safari. Ripoti ya ofisi ya majaribio ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ya mwaka wa fedha 2024 ilisema XM157 ilikuwa na uwezekano mdogo wa kumaliza kazi ya saa 72 bila hitilafu kubwa.

Sasa teke la bunduki. Watu husema "limeongezeka kidogo", kwa hiyo tulipige hesabu. Chukua kichwa cha gramu 4 cha 5.56 kwa mita 890 kwa sekunde: msukumo, yaani kilo mara kasi, ni 3.6. Ongeza gesi ya gramu 1.7 za baruti zinazotoka kwa karibu mita 1,250: 2.1. Jumla 5.7. Bunduki yenye darubini ikiwa na kilo 3.5, inarudi nyuma kwa mita 1.6 kwa sekunde na nishati ya jouli 4.6. Njoo kwenye 6.8: kichwa cha gramu 9 kwa mita 900 ni 8.1, baruti tukichukua gramu 3 inaongeza 3.7, jumla 11.8. Bunduki ya kilo 5 inarudi kwa mita 2.4 kwa sekunde, na nishati ni jouli 14. Hiyo ni mara tatu, na hapo bunduki imeshakuwa nzito kwa kilo moja na nusu. Ukifanya hesabu ileile kwa 7.62×51 unapata msukumo wa 11.7. Yaani mlango wa nyuma umeturudisha palepale tulipoondoka miaka ya 1960, ila tukiwa na kichwa kinachoruka vizuri zaidi. Kizimasauti kinapunguza sehemu ya gesi, hilo nalikubali. Sehemu ya kichwa hakiigusi.

Kwa mlenga shabaha anayepiga moja na kungoja, teke hilo si kitu. Kwa askari anayeingia chumbani, au anayepaswa kupiga mbili za haraka kwa mtu anayekimbia mita 80 mbele yake, risasi ya pili inachelewa. Na ana 20 tu kabla ya kubadilisha magazini.

Mtutu nao una umri. Kinachoula si msuguano wa kichwa bali joto la baruti inayopita kwenye tundu jembamba, na mahali panapoumia kwanza ni pale michirizi ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa, inapoanzia, mbele ya chemba. Kipimo cha haraka ni kugawanya baruti kwa eneo la tundu. 5.56 ina miligramu 67 hivi kwa kila milimita ya mraba. 7.62 ina kama 63, na ndiyo maana mitutu yake inadumu. 6.8, kwa gramu zetu 3, inafika 77, tena kwa mgandamizo uliozidi kwa theluthi. Mwaka 2025 nahodha mmoja wa jeshi hilo aliwasilisha hadharani uchunguzi wake uliodai mitutu ya XM7 ilionyesha mikwaruzo mbele ya chemba baada ya risasi zinazozidi 2,000. Mtengenezaji aliyapinga madai yake. Sihitaji kuamua nani mkweli ili kusema kwamba hesabu ya baruti inaelekea upande mmoja tu.

Dawa inayopendekezwa ni risasi ya mazoezi yenye nguvu ndogo, inayookoa mtutu, pesa na viwanja vifupi vya shabaha. Hapa ndipo panaponikera zaidi. Askari atazoea teke moja na kupigana na jingine. Sifuri ya bunduki, yaani kulinganisha darubini na mahali kichwa kinapogonga, haitakuwa moja. Gesi ikipungua, mitambo inafanya kazi kwa kasi tofauti, kwa hiyo hata aina ya kukwama anayojifunza kuitatua kiwanjani si ile atakayokutana nayo. Jeshi linalofuata njia hii linapaswa angalau kumpa kila askari risasi za nguvu kamili za kutosha kuweka sifuri, kisha kupiga magazini kadhaa mfululizo kila mwaka, na kuweka daftari la idadi kwa kila mtutu. Bila daftari, fundi wa silaha atabahatisha.

Historia inafaa hapa kwa sehemu moja tu, kwamba risasi ndogo imekuwa ikishindwa na ghala na siasa, na kwamba kubadilisha chochote bila kubadilisha kingine kunaumiza. Mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur alikataa risasi ya .276 iliyokuwa imeshinda majaribio, kwa kuwa ghala zilijaa .30 na nchi ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi. Bunduki ya Garand ikabuniwa upya kubeba risasi 8 badala ya 10. Uingereza mwaka 1951 iliidhinisha risasi yake ya .280 na bunduki ya EM-2, serikali ikabadilika, Churchill akaiweka kando ili kwenda sambamba na Marekani. NATO ikachukua 7.62×51 katikati ya muongo huo. Miaka michache baadaye Wamarekani wenyewe waliikimbia na kuingia kwenye 5.56.

Na kilichofuata kila mtu wa silaha anakijua. Baruti ya M16 ilibadilishwa bila bunduki kurekebishwa. Mwendo wa mitambo ukapanda, masizi yakaongezeka, chemba hazikuwa na kromu, askari hawakupewa vifaa vya kusafishia. Maganda yakang'ang'ania chembani, watu wakakutwa wamekufa bunduki zao zikiwa zimefunguliwa. Bunge la Marekani lilichunguza mwaka 1967. Hata M855A1 iliyoanza kugawiwa 2010, ambayo kwa jicho ni 5.56 ileile, ilileta yake: ncha ya chuma iliyo wazi ilichimba njia ya alumini inayoelekeza risasi chembani, mgandamizo uliopanda ukafupisha maisha ya bolti, na ikabidi itengenezwe magazini mpya inayoinua risasi kwa pembe tofauti. Kama kubadilisha kichwa peke yake kulileta hayo, anayebadilisha kichwa, ganda, mgandamizo, bunduki na darubini kwa mkupuo mmoja ajiandae kwa miaka mingi ya marekebisho madogomadogo.

Nimekwisha kuisema vibaya vya kutosha. Tumpime mtu wa rashasha. M249, rashasha ya zamani ya 5.56, ina kilo 8.7, na mbebaji wake hubeba risasi 600 zenye kilo 9.4. Jumla kilo 18.1. M250 pamoja na kizimasauti ina kilo 6.6, na risasi 400 zina kilo 12.3. Jumla kilo 18.9. Kwa gramu 800 za ziada, mtu huyu amepata rashasha inayofika mbali na kupenya vizuizi ambavyo 5.56 inaviogopa. Amepoteza risasi 200, na hilo si dogo kwa silaha ambayo kazi yake ni kumlaza adui chini, lakini teke analizuia kwa miguu miwili ya bunduki na uzito wa mwili. Hapa mradi umefanya kazi nzuri kweli. Linganisha na mwenye bunduki, ambaye alikuwa na kilo 6.4 za silaha na risasi na sasa ana karibu 9, kisha ana theluthi moja pungufu ya kupiga.

Kwa hiyo seksheni ya askari 9 ningeipanga hivi: rashasha 2 za M250, mlenga shabaha 1 mwenye M7, waliobaki wabaki na 5.56 lakini wapewe darubini yenye kipimo cha leza. Pingamizi linajulikana: seksheni itakuwa na risasi za aina mbili, haitaweza kugawana. Ni pingamizi la haki, ila linatiwa chumvi. Risasi za rashasha zimefungwa kwenye mkanda. Kuzing'oa moja moja na kuzijaza magazini chini ya moto ni kazi ambayo watu huipanga mezani kuliko wanavyoifanya. Isitoshe jeshi hilo linapeleka 6.8 kwa vikosi vya mapigano ya karibu tu. Madereva, mafundi na wapishi wanabaki na M4, na rashasha za M240 za 7.62 bado zipo kombaniani. Ofisa ugavi wa brigedi tayari ana aina tatu ghalani, na usafi wa aina moja haupo. Kikosi cha Wanamaji cha Marekani, yaani Marines, kimebaki na bunduki yake ya M27 ya 5.56, na washirika wa NATO hawajaonyesha haraka ya kufuata.

Mtengenezaji ameanza kupunguza uzito wa M7, na ameonyesha toleo fupi. Vizuri. Lakini bunduki unaibeba moja, risasi unazibeba 140. Ukitoa uzito wa magazini, kila risasi ya 6.8 inaangukia karibu gramu 22, dhidi ya 12 za 5.56. Huko ndiko gramu zilikojificha, na msumeno wa fundi bunduki haufiki huko.

Kinachoweza kufika ni lile ganda la vipande vitatu, na nashangaa halijadiliwi zaidi. Hakuna sheria inayosema kitako cha chuma ni cha 6.8 pekee. Liweke kwenye risasi ya urefu wa 5.56, yenye kichwa cha milimita 6 na gramu 5 au 6, na una kasi nzuri kutoka mtutu mfupi, upepo unaovumilika, teke la wastani, na magazini inayobaki na risasi zaidi ya 20. Bolti ya M4 haitaliweza: mgandamizo ukitoka megapaskali 430 kwenda 550 nguvu inayoipiga inapanda kwa zaidi ya robo, na bolti hiyo hupasuka kwenye tundu la pini na kwenye meno yaliyo jirani na ndoana hata kwa mzigo wa sasa. Itabidi bolti mpya yenye meno mapana zaidi, mrija mpya wa mtutu unaolingana nayo, na springi nzito ya kurudisha. Mwili wa chini, kifyatulio na kitako cha bunduki vinabaki vilevile.